Kuandika riwaya ya jasusi mwanamke aliyeishi kweli: mwongozo kamili kwa mfano wa Noor Inayat Khan

Jasusi wa kubuni hana jamaa. Umuue ukurasa wa mwisho, umwozeshe, umfanye msaliti, hakuna atakayekuuliza. Mwanamke aliyeishi kweli ni habari nyingine. Ana tarehe ya kuzaliwa, ana jalada kwenye hifadhi ya nyaraka, pengine ana wapwa walio hai, na mahali fulani yupo msomaji anayeijua siku aliyokamatwa kuliko unavyoijua wewe.

Mwongozo huu ni wa riwaya ya aina hiyo ya pili. Mfano tutakaoufuata ni Noor Inayat Khan, mwendeshaji wa redio ya siri aliyetumwa na Uingereza mwaka 1943, katika Vita vya Pili vya Dunia, kwenda Paris iliyokuwa imekaliwa na Wajerumani. Maisha yake yamekusanya kila kinachomsumbua mwandishi: nyaraka zinazopingana, mapengo, mashahidi waliokumbuka baadaye, na masimulizi matamu yasiyothibitika. Kazi nzima ni kujua mpaka uko wapi: hapa hati imesema, hapa watu wamesimulia, hapa natunga mimi.

Hatua ya 1: Chagua mtu mmoja, kisha ukate maisha yake

SOE (Special Operations Executive), idara ya siri ya Uingereza iliyoundwa Julai 1940, ilikuwa na Kitengo F kilichoshughulikia Ufaransa. Kitengo hicho kilituma wanawake 39, na 13 kati yao hawakurudi. Mwandishi anayeanza hushawishika kuwatia wote, au angalau watano, katika kitabu kimoja. Matokeo yake ni orodha ya mashujaa, hakuna riwaya.

Mchague kwa maswali mawili. Je, zipo nyaraka za kutosha kukupa mifupa? Na je, limebaki pengo la kutosha kukupa nafasi ya kutunga? Virginia Hall, Mmarekani aliyefanya kazi Lyon kwa mguu mmoja wa bandia na kuvuka milima ya Pyrenees kwa miguu Novemba 1942, ana matukio tele. Tabu yako itakuwa kupunguza. Pearl Witherington, wakala mwingine wa Kitengo F, aliishi miaka mingi baada ya vita na akasimulia mwenyewe, hivyo huna uhuru mkubwa wa kumwekea maneno mdomoni. Noor hakurudi kusimulia. Ana jalada, ana watu waliofungwa naye, na katikati mna kimya kirefu.

Ukishamchagua, kata. Usianze Moscow alikozaliwa tarehe 1 Januari 1914. Ndege iliyompeleka Ufaransa iliruka usiku wa Jumatano, tarehe 16 Juni 1943. Tarehe inayotajwa zaidi ya kukamatwa kwake ni 13 Oktoba, nayo ni Jumatano. Siku 119, wiki 17 kamili. Hiyo ndiyo riwaya. Baba yake mwanamuziki na mwalimu wa Kisufi kutoka India, mama yake Mmarekani, nyumba yao ya Suresnes karibu na Paris, ngano za watoto alizochapisha mwaka 1939, vyote hivyo vitaingia kwa vipande, pale vinapogusa jambo linalotokea Paris. Msomaji hahitaji kujua kwamba ukoo wake unafika kwa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore huko India, kabla hajamwona akihangaika kutafuta mahali pa kutundika antena.

Hatua ya 2: Chora kalenda kabla ya kuandika sentensi moja

Chukua karatasi kubwa au jedwali la kompyuta, mstari mmoja kwa kila siku. Weka safu saba: tarehe, siku ya wiki, hali ya mwezi, mahali, jambo lililothibitika, limethibitishwa na nani, na watu wengine waliokuwapo. Kwa Noor ni mistari 119 ya Paris, kisha mistari ya wiki kwa wiki ya kifungo.

Safu ya mwezi si pambo. Ndege ndogo za Lysander, zilizokuwa zikiruka usiku kutoka Tangmere kusini mwa Uingereza na kutua kwenye mashamba ya Ufaransa, zilihitaji mbalamwezi ili rubani aione mito na barabara. Ziliruka karibu na mwezi mpevu tu. Noor aliruka usiku wa tarehe 16 kwa sababu mwezi ulikuwa unapevuka tarehe 18. Ukiandika kwamba alishuka gizani, "giza la kumeza kidole", umeharibu. Kulikuwa kweupe kiasi cha kuona kivuli chako, na weupe huo ndio hatari yenyewe: rubani anawaona, na doria ya Wajerumani inawaona.

Kalenda hukuonyesha pia mambo ambayo mtunzi asingethubutu kuyabuni. Usiku ule walisafirishwa pamoja na Noor Diana Rowden na Cecily Lefort. Hakuna kati ya wanawake hao watatu aliyeimaliza vita akiwa hai. Aliyewapokea shambani, Henri Déricourt, alikuja kushukiwa kuwa anawauza kwa Wajerumani. Na kiongozi wa Prosper, mtandao wa mawakala wa Paris, Francis Suttill, alikamatwa tarehe 24 Juni, wiki moja tu baada ya Noor kukanyaga ardhi ile. Laiti ungebuni wewe kwamba mtandao mzima unaporomoka wiki moja baada ya shujaa kufika, mhariri angekuambia umeharakisha.

Hatua ya 3: Kusanya vyanzo, kisha uvipake rangi

Majalada ya watu wa SOE yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London, chini ya kundi la HS 9. La Noor ni HS 9/836/5. Nyaraka nyingi za idara hiyo ziliteketea kwa moto mwaka 1946 au zilitupwa makusudi, kwa hiyo usitarajie jalada lililokamilika. Jumba la makumbusho ya vita la Uingereza lina rekodi za sauti za watu waliokuwapo pamoja na karatasi za Vera Atkins, ofisa wa Kitengo F aliyewasindikiza mawakala hadi mlangoni pa ndege.

Soma kila karatasi ukiwa na kalamu tatu. Kijani: hati ya wakati uleule, iliyoandikwa na aliyekuwapo. Manjano: ushahidi wa baadaye au wa kusikia. Nyekundu: huna hati, utatunga. Wengi hudhani kijani ni ukweli na manjano ni uvumi. Hapana. Kijani kinakuambia tu kwamba mtu fulani aliandika hivyo siku ile. Jalada la mafunzo la Noor lina tathmini ya mkuu wa shule ya Beaulieu iliyomwona hana akili nyingi na hafai kazi. Mkuu wa Kitengo F, Maurice Buckmaster, akaipinga kwa hasira pembeni mwa karatasi hiyohiyo. Tangazo la nishani ya George Cross la mwaka 1949 linasema nafasi aliyoishika ndiyo iliyokuwa kuu na ya hatari kuliko zote Ufaransa. Wote wameandika rasmi, na wote hawawezi kuwa wamemwona mtu yuleyule. Riwaya inakaa katikati ya karatasi hizo mbili. Ukichukua ya nishani peke yake utachonga sanamu. Ukichukua ya mwalimu peke yake utaandika dhihaka.

Mfano mzuri zaidi wa karatasi rasmi iliyokosea ni wa kifo chake. Baada ya vita, Vera Atkins alikwenda Ujerumani kutafuta walikoishia mawakala wake. Mwanzoni alihitimisha kwamba Noor alikuwa mmoja wa wanawake wanne waliouawa katika kambi ya Natzweiler tarehe 6 Julai 1944. Haikuwa hivyo. Mwanamke yule wa nne alikuwa Sonia Olschanezky, aliyeandikishwa hukohuko Ufaransa, na kwa hiyo hakuwamo katika orodha ya London. Noor alikuwa amefungwa kwa minyororo katika gereza la Pforzheim, Ujerumani, na aliuawa katika kambi ya Dachau tarehe 13 Septemba 1944 pamoja na Yolande Beekman, Eliane Plewman na Madeleine Damerment. Kama mpelelezi aliyewajua kwa sura alikosea, wewe usitegemee chanzo kimoja kwa jambo kubwa. Kanuni ya kufuata: kifo, usaliti na mapenzi vinahitaji vyanzo viwili visivyonakiliana. Mavazi na chakula, kimoja kinatosha.

Ikiwa shujaa wako ni wa huku kwetu, mizani inageuka. Muthoni wa Kirima, aliyekuja kuwa mwanamke pekee mwenye cheo cha Field Marshal katika Mau Mau, alianza kwa kuwapelekea wapiganaji habari kabla hajaingia msituni mwenyewe. Hapo nyaraka ni za upande uliokuwa ukimwinda, na nyingi zilichomwa au kufichwa. Zile zilizofichwa Hanslope Park, kituo cha serikali ya Uingereza, zilijulikana mwaka 2011 katika kesi ya maveterani wa Mau Mau dhidi ya serikali hiyo, kisha zikahamishiwa Kew chini ya kundi la FCO 141. Katika kazi ya namna hiyo masimulizi ya wazee ndiyo uti wa mgongo. Andika nani amesimulia, lini, mbele ya nani, na kama aliona au aliambiwa.

Hatua ya 4: Jifunze kazi yake kama vile utaifanya wewe

Riwaya nyingi za kijasusi huanguka hapa. Mwandishi anajua shujaa "alituma ujumbe", basi. Hajui ujumbe hutumwaje, kwa hiyo hajui hatari inatoka wapi, na badala ya hatari anaweka mkimbizano.

Redio ya sanduku iliyotumiwa sana na SOE, aina ya B Mark II, ilikuwa na uzito wa kilo 14 hadi 15 pamoja na sanduku lake. Jaribu: jaza sanduku la nguo kilo 15, panda nalo ngazi za ghorofa nne, kisha ujifanye limejaa mavazi mepesi. Utajua mwili wa Noor ulikuwa na kazi gani. Antena yake ni waya wa mita 20 hivi unaopaswa kutandazwa, dirishani, mtini au uani. Kubadili masafa kunahitaji kristali, kipande kidogo kinachovunjika kikianguka. Umeme wa nyumbani unafaa, ila Wajerumani walikuwa na ujanja: wanakata umeme mtaa kwa mtaa, na mawimbi yakinyamaza wanajua mtaa ndio huo. Betri ya gari inaponya hilo, lakini betri nayo ina uzito wake, na inahitaji kuchajiwa na mtu asiyeuliza maswali.

Magari ya kunasa mawimbi yalihitaji muda ili kukaribia. Kwa hiyo mwendeshaji alitakiwa atume kwa ufupi, dakika 20 zikihesabiwa ni nyingi, kisha ahame. Hapo pana tukio kamili lisilohitaji bastola: ujumbe mrefu, saa ya ukutani, London inaomba urudie kundi la herufi.

Sasa msimbo. Wakala alikariri shairi, akachagua maneno matano humo, herufi za maneno hayo zikapewa namba kwa mpangilio wa alfabeti. Tuchukue ufunguo mfupi, NURU. N ni 1, R ni 2, U ya kwanza ni 3, U ya pili ni 4. Hivyo NURU inasomeka 1-3-2-4. Chini yake andika ujumbe kwa mistari ya herufi nne:

N U R U
1 3 2 4
N I P O
P A R I
S T U M
A P E S
A

Ujumbe ni NIPO PARIS TUMA PESA. Sasa soma safu kwenda chini kwa kufuata namba: NPSAA, PRUE, IATP, OIMS. Panga kwa makundi ya herufi tano: NPSAA PRUEI ATPOI MS. Mawakala walilirudia zoezi hilo mara ya pili juu ya matokeo ya kwanza. Fanya mara kumi kwa mkono, kwa ufunguo wa herufi 20, usiku, ukiwa na njaa. Utakosea namba moja, na ujumbe wote utakuwa takataka. Leo Marks, mkuu wa misimbo huko London, alikuwa na wasichana wa ofisini waliokesha kufumbua jumbe zilizoharibika hivyo, ili wakala asilazimike kurudi hewani kuzituma upya.

Ushairi unatugusa sisi watu wa tenzi, na hapo kishawishi kinakuja chenyewe: kumpa Noor ubeti wa Kiswahili. Usifanye. Eleza kwamba ni shairi, toa maana yake, uendelee. Ila unaweza kulitumia tatizo lililokuwapo: shairi mashuhuri adui naye analijua, ndiyo maana Marks alitaka mashairi mapya yasiyochapishwa popote, na baadaye funguo zilizochapwa kwenye vitambaa vya hariri.

Mwisho wa hatua hii ni alama ya usalama, kosa la makusudi ambalo wakala hulitia katika ujumbe ili London ijue anatuma kwa hiari. Gilbert Norman, mwendeshaji wa redio wa Prosper, alipokamatwa, ujumbe ulikwenda bila alama kamili, na London ikajibu kwa kumkumbusha kwamba ameisahau. Wajerumani wakasoma jibu hilo. Noor mwenyewe aliweka nakala za jumbe zake kwenye daftari, na daftari likaangukia mikononi mwao. Kwa nakala hizo waliendelea kuijibu London kwa jina lake. Kwa nini aliziweka? Waandishi wa historia wanataja neno la Kiingereza katika maagizo yake lililoweza kumaanisha "kuwasilisha" ujumbe au "kuuhifadhi". Katika Kiswahili neno hilo halipo, basi usilazimishe mchezo wa maneno. Mwonyeshe akiyasoma maagizo, akiyaelewa kwa bidii ya mwanafunzi mwema, na daftari likinunuliwa.

Hatua ya 5: Mkate, sigara na saa

Vitu vidogo ndivyo vilivyowaua watu, na ndivyo vinavyoua riwaya. Ufaransa chini ya Wajerumani ilikuwa nchi ya kadi za mgawo. Kahawa ilikuwa ya shayiri au mizizi. Wanawake hawakupewa kadi ya tumbaku. Kwa hiyo shujaa wako akitoa pakiti ya sigara mkahawani, lazima kuna mwanamume aliyempa au soko la magendo nyuma yake. Ama sivyo umemwanika bila kujua.

Saa ni mtego wa Kiswahili hasa. Ufaransa iliyokaliwa ilifuata saa za Berlin, na majira ya joto zilisogezwa mbele zaidi. Mwezi Juni, Paris, jua lilizama karibu saa nne za usiku kwa saa ya ukutani. Hati inasema 21:00. Wewe unaandika "saa tatu usiku". Msomaji wa Mombasa anaona giza, taa, popo. Kumbe jua bado linapiga madirishani na watoto wanacheza barabarani. Andika "saa tatu, jua halijazama", uliache neno "usiku" lisubiri. Mwezi Oktoba mambo hubadilika. Kalenda yako iwe na safu ya nane ya machweo. Muda wa amri ya kutotoka nje ulibadilika kwa mji na kwa mwezi, basi usiandike saa moja kwa kitabu kizima.

Hatua ya 6: Pa kutunga na pa kunyamaza

Tunga kwa uhuru: alichokula, njia aliyopita, ndoto, mazungumzo ya kawaida na mwenye nyumba, mawazo yake juu ya kusema uongo (jambo lililomsumbua mtoto huyu wa Kisufi, na waliomfunza waliliona).

Tunga kwa tahadhari: woga na hasira dhidi ya watu halisi waliotajwa kwa majina.

Usitunge: nani alimsaliti. Déricourt alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi ya Ufaransa mwaka 1948 akaachiwa. Mwanamke aliyedaiwa kumuuza Noor naye alishtakiwa, naye akaachiwa. Maiti haishtaki, lakini riwaya inayotamka "huyu ndiye" bila ushahidi ni hukumu ya pili iliyotolewa na mtu asiyekuwa hakimu. Njia nzuri ni kuandika kutoka ndani ya macho ya Noor: hakujua. Alikuja kukamatwa bila kujua. Kutojua huko kunatisha kuliko kumwonyesha msaliti akihesabu noti.

Maneno ya mwisho ni hivyohivyo. Kuna simulizi mbili za kifo chake pale Dachau zinazopingana, moja ya kimya na moja ya kipigo kirefu, na neno moja la Kifaransa linalosemekana alilitamka. Yote ni manjano. Ishie mlangoni, au kwenye treni, au mwachie kazi hiyo Vera Atkins akiwa ameshika karatasi mbili zisizopatana.

Na usimtungie mpenzi ili "kunogesha". Majasusi wa kike wameandikwa kitandani kiasi kwamba msomaji hutarajia kitanda. Wanawake wa Kitengo F walikuwa wajumbe, waendesha redio na waandaaji. Kazi yao ilikuwa baiskeli, treni na sanduku zito.

Mahali pengine huhitaji kutunga kabisa. Katika jengo la 84 Avenue Foch, Paris, alikofungwa baada ya kukamatwa, makao ya idara ya ujasusi ya SS, kikosi cha chama cha Nazi (usiite "ofisi ya Gestapo", yaani ya polisi wa siri, ovyoovyo, ingawa wafungwa wenyewe waliita hivyo), Noor alijaribu kutoroka mara mbili. Mara ya pili alipitia paani pamoja na wanaume wawili. King'ora cha ndege za Uingereza kikalia, walinzi wakakagua vyumba, vyumba vikaonekana vitupu. Ndege za upande wake ndizo zilizomkwamisha. Andika kama ilivyo, bila hata kivumishi.

Hatua ya 7: Kiswahili cha kitabu

Kiswahili hakina "yeye" wa kike na wa kiume. Katika riwaya ya kijasusi hiyo ni mali. Unaweza kuandika kurasa tatu za mtu anayeshuka ndegeni, anayefukia parachuti, anayepokewa na wanakijiji wanaomsubiri askari, na msomaji asijue ni mwanamke mpaka avue kofia. Kasoro yake inakuja pale wanawake wanne wanapokaa chumba kimoja: "alimtazama, akamwambia, akacheka". Nani? Rudia majina bila aibu, au mpe kila mmoja kitu cha mkononi.

Maneno ya kazi: jasusi kwa mtu wa adui, wakala kwa mtu wao wenyewe; mjumbe; mwendeshaji wa redio; nyumba ya maficho. "Simu ya upepo" ni neno lililochakaa vizuri, linafaa mdomoni mwa mzee. "Mtandao" siku hizi humpeleka msomaji kwenye intaneti. Mara ya kwanza andika "mtandao wa watu", baada ya hapo litaeleweka. SOE usiitie vinywani mwa wahusika: jina lenyewe lilikuwa siri, na mawakala wengi hawakulijua wakati wa vita.

Wafaransa waamkiane kwa Kifaransa chao. Shikamoo ya Paris huchekesha. "Madame" ibaki Madame. Tofauti ya Kifaransa kati ya "wewe" ya heshima na "wewe" ya karibu ionyeshe kwa tendo: anayemwita kwa cheo na jina la ukoo, na siku anapomwita kwa jina lake tupu.

Kuhusu majina, Noor ni nuru yetu ileile, na jina lake kamili, Noor-un-Nisa, msomaji wa pwani atalielewa bila kamusi. Usilibadilishe kuwa Nuru. Alikuwa pia Nora katika jeshi la anga, Madeleine kwa jina la siri, na Jeanne-Marie Renier, yaya wa watoto, katika hati bandia. Amua mapema: sauti ya msimulizi itumie jina moja tu, mengine yatoke vinywani mwa watu. Na usimvishe buibui la fikra zako. Uislamu wa nyumba yao ulikuwa wa Kisufi, wenye muziki na mapokezi ya dini zote.

Hatua ya 8: Vipimo vya kitabu

Lenga maneno 60,000, sura 30 za maneno 2,000. Mgawanyo unaofaa kwa Noor: sura 5 za mafunzo na kusubiri mwezi, 15 za Paris, 5 za Avenue Foch, 3 za Pforzheim, 2 za Atkins akitafuta mwaka 1946. Pforzheim alikaa karibu miezi 10, lakini mashahidi ni wafungwa wachache waliosoma maneno aliyoyakwaruza chini ya bakuli. Ukizirefusha sura hizo utakuwa unatunga mateso, na mateso ya kutunga hunuka haraka.

Maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, ni wiki 24. Tenga miezi mitatu ya utafiti kabla yake na usiongeze. Utafiti usioisha ni njia ya heshima ya kutoandika. Rasimu ya kwanza ikiisha, pitia kwa kalamu moja ukitafuta maarifa ya baadaye: mhusika wa Juni 1943 hajui kuwa Wamarekani na Waingereza watashuka Normandy Juni 1944. Kisha tafuta aya ambazo zipo ili kuonyesha ulisoma. Uzito wa redio utajwe mara moja; baada ya hapo liwe bega linalouma.

Wape wasomaji watatu: mmoja anayejua redio za msimbo wa Morse, mmoja aliyeishi Ufaransa, mmoja asiyejua lolote. Watatu wakichoka ukurasa uleule, huo ufutwe.

Hatua ya 9: Neno la mwandishi

Kurasa mbili mwishoni, maneno 400 hadi 600. Taja wahusika uliowabuni, matukio uliyoyasogeza tarehe, na mahali vyanzo vinapopingana pamoja na upande uliouchagua. Usiombe radhi na usijisifu. Andika pia tahajia zote mbili za jina lake: jalada lake linatambulika kwa Noor Inayat Khan, ilhali tangazo la George Cross la tarehe 5 Aprili 1949 limemwandika Nora Inayat-Khan, na msomaji atakayemtafuta kwa jina moja tu atakosa nusu ya karatasi.